Nimekwama Ukurasa wa 214

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, kwa kuwa linahusu kitabu, na kitabu mtu anaweza kukifunga akaendelea na shughuli zake. Mume wangu ameniambia hivyo mara mbili. Lakini hii ni wiki ya tatu sipati usingizi sawasawa, na nimeona heri nikueleze yote kuliko kuendelea kujiuliza na kujijibu mwenyewe usiku.

Nina umri wa miaka 43, na katika familia yetu tulizaliwa wasichana wawili, mimi nikiwa wa kwanza. Mama yetu aliugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa miaka mitatu kabla ya kufariki. Wakati huo mimi nilikuwa nikifanya kazi nchi nyingine, na mshahara wa kazi hiyo ndio uliolipia dawa na matibabu yake. Mdogo wangu, ambaye nimemzidi miaka sita, aliacha kazi yake akarudi nyumbani kumuuguza. Nilituma fedha kila mwezi bila kukosa, nilipiga simu kila Jumapili, na nilikuja kumwona mama mara mbili. Mara ya tatu nilifika siku mbili baada ya mazishi. Sasa ni miaka minne tangu siku ile, na mimi na mdogo wangu hatujawahi kugombana. Tunajuliana hali, tunatumiana picha za watoto, tunaagana kwa heri. Juu ya miaka ile mitatu hatujazungumza hata neno moja.

Mwezi uliopita, siku yangu ya kuzaliwa, aliniletea riwaya iliyofungwa kwa karatasi ya kahawia. Kwenye ukurasa wa ndani aliandika kwa penseli: "Dada, kisome polepole. Ukimaliza tuzungumze."

Riwaya yenyewe ni ngumu. Ina kurasa karibu 400, sura zake hazifuati mpangilio wa wakati, mazungumzo ya wahusika hayana alama za kunukuu, hivyo ni lazima ukisie nani anasema, na kuna sura moja ya kurasa zaidi ya ishirini isiyo na nukta hata moja. Ugumu huo ningeuvumilia. Kilichonishinda ni kwamba msimulizi ni binti anayemuuguza mama yake aliyepoteza kumbukumbu, na kutoka ukurasa wa kwanza anazungumza na ndugu yake aliyekwenda mbali. Ndugu huyo hana jina. Anaitwa "wewe" tu, na unajua lugha yetu ilivyo, hata neno hilo lisipotajwa limo ndani ya kitenzi. Uliondoka. Uliahidi. Ulituma. Hakuna sentensi ambayo naweza kujificha nyuma yake. Katika sura za mwanzo msimulizi anarudia neno "hujaja": mama amekula nawe hujaja, mvua imeanza nawe hujaja. Kisha, katika ukurasa wa 214, anaandika kwa mara ya kwanza "hukuja". Hapo ndipo nilipokifunga. Niliweka kipande cha ile karatasi ya kahawia kiwe alama, na hakijasogea hadi leo.

Nikiri kwamba sijawahi kusoma kitabu kilichoandikwa vizuri namna hii. Kuna mahali msimulizi anamchana mama yake kwa kitana cha mbao kilichovunjika jino moja, naye anakiinamisha kidogo kila anapofika kwenye lile pengo ili unywele usinase. Mama amefumba macho kwa raha, na bila kuyafumbua anamshukuru kwa jina la yule mwingine, jina ambalo mwandishi hatuandikii. Binti hamsahihishi, anaendelea kuchana. Ukurasa huo nimeusoma labda mara kumi. Nililia kilio ambacho sikulia niliposimama kaburini kwa mama yangu. Baada ya kulia nilijisikia mwepesi, kisha nikaona aibu kwamba imenibidi nipate mama wa kubuni ndipo nimlilie wangu.

Wakati huohuo nina hasira kali. Yule "wewe" hapewi nafasi ya kusema hata katika ukurasa mmoja. Hatuambiwi aliishije huko aliko wala alilala saa ngapi. Fedha zake zinatajwa mara moja tu, zikiwa ndani ya bahasha ambayo haijafunguliwa juu ya kabati, kana kwamba dawa hujinunua zenyewe. Msimulizi anajionea huruma mno. Kuna mahali hata anakiri kwamba usiku mmoja alimwomba Mungu amchukue mama, halafu asubuhi anarudi kumlaumu aliye mbali. Je, hiyo ni haki?

Mdogo wangu ameniuliza mara mbili nimefika wapi, na mara zote mbili nimemdanganya kwamba kazi zimenizidi. Nikimaliza nitalazimika kuzungumza, na nisipomaliza ataona nimekimbia tena. Isitoshe, kuna swali linalonitesa ambalo sithubutu kumuuliza: sijui kama mama yetu naye aliwahi kumwita yeye kwa jina langu.

Nifanye nini? Na je, mtu anaweza kukipenda na kukichukia kitabu kimoja kwa pamoja, au nimechanganyikiwa?

Dada Mkubwa

JIBU

Dada mpendwa,

Nianze kwa kukupa pole ya mama. Kwa jinsi ulivyoandika, nadhani pole nyingi zilikufikia kwa simu ukiwa peke yako, na hii nayo inakufikia kwa maandishi, lakini naomba uipokee.

Hujachanganyikiwa. Umeisoma riwaya inayoelezea nyumba inayofanana na ya kwenu, ikisimuliwa kutoka upande ambao hukuwepo, nayo umepewa na mtu pekee aliyekuwa upande huo. Unavutiwa na namna ilivyoandikwa, unakasirishwa na inachosema, na unaogopa kwamba aliyekupa anakisema hichohicho. Nadhani mambo hayo matatu yamefungamana kiasi kwamba ukigusa moja mengine yanatikisika, ndiyo maana naona vyema tuyatazame moja baada ya jingine, ingawa sina hakika kama tutaweza kuyatenganisha kabisa. Riwaya hiyo sijaisoma, nina barua yako tu.

Kuhusu maneno ya mumeo, naamini alitaka kukupunguzia mzigo, lakini kitabu hakifungiki kirahisi hivyo. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Melanie Green na Timothy Brock, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kadiri msomaji anavyozama ndani ya hadithi, ndivyo mawazo yake yanavyosogea kuelekea mawazo ya hadithi hiyo, na kwamba kuambiwa kisa ni cha kweli au cha kubuni hakukuleta tofauti. Kwako wewe jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa kurasa 214 umekuwa ukijitazama kwa macho ya msimulizi, ambaye ana uchungu, amechoka, na hajui lolote kuhusu maisha ya aliye mbali. Hatia unayoihisi leo inaweza kuwa na sehemu yake ya kweli, na hilo utalipima mwenyewe. Ila kumbuka kwamba sehemu nyingine umeazimwa na kitabu, na kwamba katika wiki hizi tatu hakuna jambo jipya ulilogundua kuhusu ulivyomtendea mama yako. Fedha ulizotuma ni zilezile, na safari ambazo hukusafiri ni zilezile.

Umeuliza kama msimulizi anatenda haki. Nakubaliana nawe kwamba hatendi. Lakini je, una hakika kwamba mwandishi yuko upande wake? Mhakiki Wayne Booth, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1961, ndiye aliyemfanya msimulizi asiyeaminika azungumzwe sana na wahakiki, yaani yule ambaye maneno yake yanakwenda njia moja huku kazi nzima ikimwonyesha msomaji njia nyingine. Itazame tena ile bahasha. Msimulizi ameitaja akapita, lakini kuna mtu aliyeiweka juu ya kabati ikiwa imefungwa ili wewe uione, na mtu huyo ni mwandishi. Nyumba ina mgonjwa, fedha za dawa zipo ndani ya bahasha, na bado haijafunguliwa. Kwa nini? Huenda ni kiburi cha msimulizi, huenda ni hasira yake, au huenda aliona kwamba akiifungua atalazimika kushukuru. Sijui, lakini sioni kama ni ishara ya mwandishi aliyesahau mchango wa aliye mbali. Inawezekana pia kwamba una haki, na kwamba kumnyima "wewe" sauti kwa kurasa 400 ni kasoro ya riwaya yenyewe. Msomaji ana ruhusa ya kuiona kasoro katika kitabu kilichomliza. Ninachokuomba ni ujiulize kama unayetaka akusikilize ni mwandishi huyo kweli, au kuna mtu mwingine ambaye kwa miaka minne hujamsimulia uliishije huko na ulilala saa ngapi.

Sasa niseme jambo lililonifanya niisome barua yako mara ya tatu. Umelieleza lile neno "hukuja" kwa aya nzima. Umeeleza kitana hadi jino lililovunjika. Lakini usiku ambao msimulizi alimwomba Mungu amchukue mama umeupitia kwa sentensi moja, na umeutumia kama ushahidi dhidi yake. Naelewa kwa nini. Wewe ulikuwa ukijitafuta ndani ya riwaya ile, nawe umo kila mahali panapoandikwa "wewe". Mdogo wako alipokuwa akiisoma, je, alikuwa akimtafuta nani?

Watu wengi waliowauguza wazazi wao kwa muda mrefu huwa na usiku kama huo. Mtu hajalala, shuka zimebadilishwa mara tatu, mgonjwa anauliza swali lilelile kwa mara ya arobaini, na ndani ya mwenye kuuguza linapita ombi ambalo asubuhi hawezi kumwambia yeyote. Ombi hilo hutokana na uchovu, na mara nyingi hutokana na upendo usiovumilia tena kuona mateso, lakini anayelibeba huliona kama dhambi. Ikiwa mdogo wako amebeba kitu cha namna hiyo kwa miaka minne, angekuambiaje? Angeanzia wapi, na nyinyi mnazungumza habari za picha za watoto? Huenda angetafuta mtu mwingine amsemee. Sidai kwamba ndivyo ilivyo. Inawezekana kabisa kwamba alikuwa na lawama na akaona kitabu kinaisema vizuri kuliko yeye, na inawezekana alikipenda tu. Ila tangu ulipokipokea umekichukulia kuwa ni shtaka, wakati kinaweza pia kuwa ni ungamo. Na yule aliyekuandikia kwa penseli "kisome polepole" hakuonekana kuwa na haraka ya kukuhukumu.

Kuhusu hatua za kuchukua, njia ninazoziona ni kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuendelea kusoma hadi mwisho. Ukichagua hivyo, ningependa usome mchana, kurasa chache chache, mahali penye watu, na si saa nane za usiku ukiwa na taa ndogo. Faida yake ni kwamba hutabaki na neno moja la ukurasa wa 214 kana kwamba ndilo la mwisho, kwani bado kuna kurasa zaidi ya 180 ambazo hujui zinasema nini, na katika riwaya isiyofuata mpangilio wa wakati msimulizi anaweza kurudi kwenye "hujaja" hata baada ya "hukuja". Hatari yake ni kwamba anaweza pia asirudi. Kurasa hizo zinaweza kuwa kali kuliko ulizosoma, na ukizisoma ili kutimiza wajibu tu, utamfikia mdogo wako ukiwa umechoka na umejaa maneno ya kujitetea.

Unaweza kuacha. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, katika kitabu cha mwaka 1992, aliorodhesha haki kumi za msomaji, na miongoni mwake zimo haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza kitabu. Nakutajia kwa sababu katika barua yako naona kwamba kushindwa kumaliza umekufananisha na kushindwa kufika, ilhali hayo ni mambo mawili tofauti. Kitabu hakikuwa kikikungoja. Hata hivyo, kwa hali yenu, kuacha kimyakimya kuna hatari moja ambayo umeitaja mwenyewe: mdogo wako hataona kurasa ulizosoma mara kumi wala machozi, ataona ukimya tu.

Njia nyingine ni kuandika. Yule "wewe" wa riwaya hana sauti, lakini wewe unayo kalamu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambao wanafunzi waliombwa kuandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, kuhusu tukio lililowaumiza na hisia walizokuwa nazo. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Basi usishangae ikiwa siku ya kwanza ya kuandika utalala vibaya kuliko sasa. Andika kwa "mimi": niliondoka, niliahidi, nilituma, sikuja. Tahadhari yangu ni kwamba maandishi ya namna hii hugeuka upesi kuwa utetezi mbele ya hakimu, kwa hiyo usiyatume kwa mtu yeyote kabla hujayaacha siku kadhaa ukayasoma tena.

Na kuna njia ya kuzungumza naye kabla ya kumaliza. Ulichukua maneno yake, "ukimaliza tuzungumze", kama sharti, na pengine aliyaandika tu kama mtu yeyote anayempa mwenzake kitabu. Amekuuliza mara mbili umefika wapi. Mtu asiyetaka kujua haulizi mara ya pili. Unaweza kumjibu ukweli mtupu: "Nimefika ukurasa wa 214 na nimeshindwa kuendelea." Yeye amekisoma, atajua ukurasa huo una nini. Hatari ya njia hii sitaificha. Anaweza kukuambia kwamba ndiyo, alikuwa na hasira nawe, na huenda bado anayo. Anaweza kulia, nawe ukajikuta unajieleza badala ya kumsikiliza. Au anaweza kuwa hayuko tayari hata yeye, licha ya kwamba ndiye aliyeanza. Ukiona hivyo, hakuna lazima mmalize yote siku moja. Wengine hukaa pamoja wakasoma sura moja kwa sauti, kwa zamu, kisha kila mtu akaenda kulala. Kwa riwaya isiyo na alama za kunukuu, kusikia sauti ya mwenzako ikiyasoma mazungumzo yale kunaweza kukuonyesha anamsikia nani akisema.

Jambo moja sitaki tulipite hivihivi, nalo ni usingizi. Wiki tatu ni nyingi. Ikiwa hali inaendelea, au ukianza kuhisi kwamba huna thamani kwa watu wako, au machozi yakikuzuia kufanya kazi zako za kila siku, tafadhali muone daktari au mshauri nasaha uso kwa uso, na ukimwambia kwamba ilianza na riwaya hatakushangaa. Msiba uliochelewa kuliliwa huja kwa njia yoyote iliyo wazi. Uliuonea aibu wepesi ule uliokujia baada ya kulia. Mimi naona mama yako ndiye uliyekuwa ukimlilia tangu mwanzo, naye yule wa kubuni alikushika mkono tu.

Limebaki swali la jina, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike. Wagonjwa wa kumbukumbu mara nyingi huchanganya majina ya watu wa karibu, na jina linalowatoka mdomoni halipimi ni nani wanayempenda zaidi wala ni nani aliyewasahau. Kwa hiyo, kama mama aliwahi kumwita mdogo wako kwa jina lako, jibu hilo litakupa faraja na litakuumiza, kwa sababu utajua alikukumbuka, na utajua pia kuna mtu aliyekuwa ameshika kitana akalisikia jina hilo asiseme kitu. Na kama hakuwahi, utalazimika kukaa na hilo vilevile. Kabla hujauliza, jiulize kama uko tayari kwa jibu lolote kati ya hayo mawili, na kama uko tayari kumsikiliza mdogo wako akikueleza ilivyokuwa kwake wakati unapolipokea. Kama hauko tayari wiki hii, swali linaweza kungoja. Riwaya haina jibu hilo, hata ukiufikia ukurasa wa mwisho.

Niandikie tena ukipata nafasi, hata kama utakuwa bado hujaamua.

Wako mwenye kukujali,

Mshauri